Mboga ya kisiwani iliyowakinga mabaharia na kiseyeye

ALIINGIA katika kliniki yangu akijikokota, mzee wa miaka hamsini na ushei ambaye hufanya kazi ya ulinzi wa usiku hapa mjini. Ufizi wake ulikuwa umevimba na kuvuja damu, meno mawili yalikuwa yakitikisika, na miguuni alikuwa na mabaka meusi kama ya mtu aliyepigwa rungu, ilhali hakuwa amepigwa na yeyote.

Fikira yangu ya kwanza ilikuwa maradhi ya damu. Nilikuwa nimekwisha kushika kalamu ili nimwandikie vipimo ambavyo vingemeza mshahara wake wa mwezi mzima. Ndipo nikakumbuka swali ambalo sisi madaktari tunalisahau mara nyingi: "Mzee, huwa unakula nini?"

"Daktari, mama watoto alirudi mashambani zamani," akajibu. "Asubuhi ni chai ya mkandaa na mkate. Usiku ni ugali na supu ya mifupa. Mboga nani atanipikia?"

Alikuwa na kiseyeye, ugonjwa unaotokana na ukosefu wa vitamini C. Nilimpa tembe za vitamini hiyo na kumwagiza ale machungwa. Baada ya majuma mawili, damu ilikuwa imekoma.

Wengi hudhani kwamba kiseyeye ni hadithi ya merikebu za matanga. Ni kweli kwamba mabaharia ndio walioteseka zaidi, kwa kuwa walikaa baharini miezi mingi wakila biskuti kavu na nyama ya chumvi. Hata pwani yetu ina ushahidi. Vasco da Gama alipotia nanga Mombasa mnamo Aprili 1498, mfalme wa mji alimpelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Wagonjwa waliokuwa chomboni walipata nafuu, na Wareno wakadhani ni kwa sababu ya hewa nzuri ya Mombasa. Waliporejea kutoka Bara Hindi, safari ilichukua karibu miezi mitatu na watu 30 wakafa. Walipofika Malindi mnamo Januari 1499, jambo la kwanza wagonjwa walilolililia lilikuwa machungwa.

Lakini baharia angefanya nini mahali ambapo hakuna mchungwa wala mlimau?

Daktari na mmea mgeni

Mbali sana kusini mwa bahari yetu ya Hindi, zaidi ya kilomita 3,000 kusini mashariki mwa Madagaska, kuna visiwa vya Kerguelen ambavyo ni mali ya Ufaransa. Huko ni baridi na upepo mkali usiokoma, wala hakuna mti hata mmoja. Nahodha James Cook alifika huko siku ya Krismasi mwaka wa 1776. Daktari wa meli yake, William Anderson, alishuka na kuanza kuchunguza mimea michache iliyoota.

Miongoni mwake aliona mmea ambao haukuwa umepata kuelezwa na mtaalamu yeyote. Ulikuwa na majani mapana yaliyokusanyika kama kabichi, nao ulikuwa na ladha kali inayowasha ulimi. Anderson aliutambua kuwa wa jamii ya haradali na akapendekeza uitwe Pringlea, kwa heshima ya Sir John Pringle, daktari wa Uingereza aliyeshughulikia sana afya ya wanajeshi na mabaharia. Anderson hakurudi kwao. Alikufa kwa kifua kikuu katika safari iyo hiyo, mwezi Agosti 1778.

Kazi yake ilikamilishwa na kijana mwingine wa udaktari, Joseph Dalton Hooker, aliyefika Kerguelen mwaka wa 1840 akiwa msaidizi wa daktari katika meli ya Erebus. Mabaharia wa safari hiyo waliila mboga hiyo, wakaipika pamoja na nyama yao ya chumvi. Katika miaka hiyo ya 1840 Hooker alichapisha maelezo kamili ya mmea huo, nao ukajulikana kwa jina la Pringlea antiscorbutica. Neno hilo la pili ni la Kilatini cha matabibu, na maana yake ni "kinachopinga kiseyeye". Ni mmea uliobeba dawa katika jina lake, karibu miaka tisini kabla ya vitamini C yenyewe kutengwa na kujulikana.

Ukiutazama kwa makini, mmea huu ni wa ajabu. Ndugu zake wengi hutegemea nyuki na wadudu wengine kusafirisha chavuo. Lakini katika upepo wa Kerguelen, hata baadhi ya nzi hawana mabawa. Kwa hivyo mmea huu huutumia upepo wenyewe, na maua yake mengi hayana petali za kuvutia wadudu. La kusikitisha ni kwamba sungura walioletwa visiwani mwaka wa 1874 wameutafuna hadi ukatoweka katika sehemu nyingi.

Ndugu zake wako jikoni mwako

Huna haja ya kusafiri hadi Kerguelen. Jamii ya haradali imejaa katika masoko yetu: sukuma wiki, kabichi, koliflawa, figili na kanzira. Acha shina moja la sukuma wiki lichanue maua, kisha ulitazame. Utaona petali nne zilizopangwa kama msalaba na, baadaye, vitumba vyembamba vya mbegu. Hiyo ndiyo alama ya ukoo. Jamaa za mwituni wa sukuma wiki bado huota kwenye majabali ya pwani za Ulaya, wakipigwa na upepo wa chumvi.

Mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea vitamini C, wala hauwezi kuiweka akiba kwa muda mrefu. Mtu asipoila kabisa, dalili huanza kuonekana baada ya mwezi mmoja hadi mitatu. Kwanza ni uchovu na maumivu ya viungo, kisha ufizi huvimba na kuvuja damu, mabaka hutokea kwenye ngozi na vidonda hukataa kupona. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 45 kwa siku kwa mtu mzima, kiasi kinachopatikana katika chungwa moja. Walio hatarini zaidi ni wazee wanaoishi peke yao, walevi, wavutaji sigara na watoto wanaokuzwa kwa maziwa ya kuchemshwa na uji mtupu.

Mtauliza, "Daktari, sisi tunakula sukuma wiki kila siku. Tuna shaka gani?" Shaka iko katika sufuria. Vitamini C huharibiwa na moto na huyeyuka katika maji. Mboga ikikatwa mapema, ikaoshwa baada ya kukatwa, ikachemshwa nusu saa na maji yake kumwagwa, sehemu kubwa ya vitamini hiyo huishia kwenye karo. Magadi nayo huimaliza upesi zaidi.

Kwa hivyo zingatia haya:

Osha mboga kwanza, ndipo uikate, na uikate karibu na wakati wa kupika.

Tumia maji kidogo, funika sufuria na uipue mboga ikiwa bado na rangi ya kijani. Usitie magadi.

Kula mara tu inapoiva. Mboga inayopashwa moto mara tatu haina faida hiyo tena.

Kila siku kula kitu kibichi: chungwa, pera, papai, embe, ubuyu au kachumbari. Pera lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Vilevile, vitamini hii huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo katika mboga.

Tahadhari: si kila ufizi unaovuja damu ni kiseyeye. Mara nyingi chanzo ni uchafu ulioganda kwenye meno, na hilo ni la daktari wa meno. Usikimbilie pia kumeza tembe nyingi ovyo, kwani kiasi kikubwa mno kinaweza kuleta mawe kwenye figo.

Yule mzee alirudi kwangu baada ya miezi miwili akiwa na mfuko wa karatasi. Ndani mlikuwa na mapera sita aliyoyanunua penye kituo cha matatu. "Haya ni yako, daktari," akasema. "Nami nimejifunza kupika sukuma. Dakika tano tu, kama ulivyoniagiza."