Ukiumwa na mbwa, usingoje kidonda kipone

Mtu aliyeumwa mguuni na mbwa mwenye kichaa anaweza kukaa miezi miwili au mitatu bila dalili yoyote. Kidonda hupona, naye husahau. Kumbe virusi viko safarini kuelekea ubongoni, na chombo vinachopanda ni cha mwili wenyewe.

Ndani ya kila mshipa wa fahamu mna njia nyembamba mfano wa reli. Juu yake hutembea protini zinazobeba mizigo, kama wachukuzi wa viazi katika soko la Wakulima hapa Nakuru. Kinesini, iliyotambuliwa mwaka wa 1985, hupeleka mizigo kuelekea ncha za mshipa. Dainini huirudisha ndani.

Dainini ina mkia unaoshika mzigo na vichwa viwili. Kila kichwa ni pete ya vipande sita, na kutoka kwenye pete hutokeza kijiti chenye mguu unaokanyaga njia. Pete inapotumia kawi itokanayo na chakula, hubadili umbo. Mguu huachia, husogea, hushika tena. Hatua moja ni kama milimita nane zilizogawanywa mara milioni moja.

Virusi vya kichaa cha mbwa vikiingia mshipani hubebwa na dainini hadi uti wa mgongo, kisha ubongo. Kutoka mguuni safari ni ndefu. Kutoka usoni ni fupi, na ndiyo sababu mtoto aliyeumwa usoni yumo hatarini zaidi. Dalili zikishaanza, mgonjwa karibu kila mara hufa.

Kwa hivyo, virusi vizuiwe kabla havijapanda. Osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake pilipili, majivu wala mafuta. Fika hospitalini siku hiyo hiyo, na ukamilishe sindano zote za chanjo. Ikiwa meno yametoboa ngozi, muulize daktari kuhusu kingamwili zinazodungwa kidondani penyewe. Hizo hunasa virusi kabla havijaingia mshipani.

Hata kama umechelewa siku kadhaa, nenda. Na mbwa wako achanjwe kila mwaka. Kenya ilianza mpango wake wa kumaliza ugonjwa huu mwaka wa 2014, ikilenga 2030, na mpango huo huanzia langoni mwako.