Barakoa ya mgonjwa ipimwe, isigawiwe tu
Wengi wetu tulilizoea neno barakoa mwaka 2020, wakati wa janga la korona. Iko barakoa nyingine isiyotajwa sana. Hii hufungwa usoni pa mgonjwa alalapo, ikaunganishwa kwa mpira na mashine ndogo inayosukuma hewa mapafuni. Wanaoihitaji ni wale ambao maradhi ya neva na misuli yamewanyang'anya nguvu za kuvuta pumzi: vijana wenye maradhi ya Duchenne, ambayo huwapata hasa wavulana, na watu wazima ambao neva za mwendo zinakufa, kama yalivyomfika mwanasayansi Stephen Hawking.

Pumzi huanza kuibwa usiku. Mtu alalapo, misuli ya kifua hulegea na kazi yote huachiwa kiwambo, ule msuli uliotanda chini ya mapafu, ambacho nacho ni dhaifu. Hewa chafu ya kaboni hurundikana katika damu. Mgonjwa huamka kichwa kikimgonga, mchana husinzia darasani, na jamaa hudhani ni uvivu.

Kwamba mashine husaidia si jambo la kubishaniwa tena. Mwaka 2002 madaktari wa Newcastle, Uingereza, walichapisha hesabu ya vijana wa Duchenne waliowahudumia. Katika miaka ya 1960, vijana hao walikufa wakiwa na umri wa wastani wa miaka 14.4, waliosaidiwa na mashine tangu 1990 walifikia wastani wa miaka 25.3.

Lakini miaka hiyo yote hutegemea kipande cha silikoni kinachogusa uso, na hapa ndipo nina ugomvi na desturi ya kumkabidhi mgonjwa barakoa yoyote iliyoko ghalani. Nyuso hazilingani. Barakoa isiyomkaa mtu huvujisha hewa pembeni, nayo huelekea machoni na kuyakausha usiku kucha. Anayemfunga hudhani dawa ni kukaza mikanda. Akikaza, mwanzi wa pua huchubuka, kidonda hutokea, na kesho yake mgonjwa haitaki tena. Mashine ya thamani kubwa inasukumwa chini ya kitanda. Kwa mtoto hatari huzidi, maana mifupa ya uso ingali inakua, na mgandamizo wa kila usiku kwa miaka waweza kuibonyeza.

Daktari Colin Sullivan wa Sydney, aliyetangaza mwaka 1981 tiba ya hewa kwa watu wanaokatikiwa pumzi usingizini, alizifinyanga barakoa zake za awali kwa kufuata umbo la pua ya kila mgonjwa. Leo viwanda hutoa saizi nyingi, lakini zina faida gani ikiwa kabati la hospitali lina moja?

Kupima kwenyewe si muujiza. Mgonjwa alale kama alalavyo nyumbani na mashine iwashwe, kwa kuwa uso wa aliyelala si sawa na wa aliyeketi. Mikanda ianze ikiwa imelegea, ikazwe kidogo kidogo. Matundu ya kutolea pumzi yasizibwe. Ambaye midomo yake haina nguvu ya kufumba hupoteza hewa akivishwa barakoa ya pua pekee. Ile inayofunika pua na mdomo nayo ina hatari yake kwa asiyeweza kuinua mikono: akitapika, nani ataivua? Hili ni swali ambalo mwenye mikono mizima halimjii. Mgonjwa huyu hawezi hata kujikuna. Kwa hiyo mama, mke au yeyote alalaye chumba hicho afunzwe pia, aivue na kuivalisha mara kadhaa mbele ya muuguzi kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani.

Wanaoagiza mashine hizi kwa ajili ya hospitali zetu za kaunti na waagize barakoa za namna mbili tatu, za saizi mbalimbali, na za watoto pia. Mgonjwa naye apewe siku ya kurudi, na akirudi, kabla ya kuulizwa lolote, mwanzi wa pua yake utazamwe.