Kambi za Wageni Porini na Ardhi Zilizosimama Juu Yake

Mtu akaaye karibu na mbuga ya Serengeti, au ng'ambo ya mpaka karibu na Masai Mara, huona magari ya wageni yakipita kila siku, na ndege ndogo zikitua katika viwanja vya majani, wala hajui waliomo wanakwenda kulala wapi. Husikia tu kwamba wanalala katika mahema. Naye hustaajabu, kwa sababu hema alijualo yeye ni la askari au la mpima ardhi, na huku aambiwa kwamba mahema haya, yale ya daraja la juu, hulipiwa dola 1,000 na zaidi kwa mtu mmoja kwa usiku mmoja. Mwalimu akilinganisha na mshahara wake ataona kuwa usiku mmoja wa mgeni wapita mwezi wake mzima wa kufundisha. Twaona yafaa kueleza kazi ya kambi hizi jinsi ilivyo, na hasa fedha yake hupitia njia gani, maana vijiji vingi vimetia sahihi mikataba ya kambi kabla ya kulijua jambo hili.

Zamani mgeni aliyekuja kuwatazama au kuwawinda wanyama alisafiri na kijiji chake chote. Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, alipofika Mombasa mwaka 1909 alifuatana na wapagazi zaidi ya 200, nao walichukua mahema, vyakula, chumvi ya kukaushia ngozi, hata na vitabu vyake. Baadaye wakaja watu waliofikiri kwamba ni afadhali kumjengea mgeni mahali pamoja, akae kimya, na wanyama waje kwake. Mwaka 1932 Eric Sherbrooke Walker alijenga vyumba viwili juu ya mti wa mugumo karibu na Nyeri, mbele ya maji wanywayo tembo na vifaru, akapaita Treetops. Hapo ndipo alipolala Binti Mfalme Elizabeth usiku ule wa Februari 1952 baba yake alipofariki, akawa Malkia pasipo kujua. Nyumba ile ya mtini ilichomwa moto mwaka 1954 wakati wa vita vya Mau Mau, na nyingine kubwa zaidi ikajengwa mwaka 1957.

Tangu hapo kazi hii imekua sana, lakini siri yake ni ile ile: wanyama wengi, watu wachache, na kimya. Kambi ya namna hii huwa na mahema 8 au 10 au 12, hayazidi sana. Hema husimama juu ya sakafu ya mbao, ndani mna kitanda cha mbao nzito, mashuka meupe, meza ya kuandikia, na nyuma yake choo na bafu. Maji ya kuoga huchemshwa kwa kuni au kwa jua, na katika kambi nyingine humiminwa kwa ndoo iliyotundikwa juu ya bafu, kama walivyofanya wapagazi wa zamani. Jambo hili hupendwa sana na wageni, ingawa mtu wa kijijini angeliona kuwa ni shida. Usiku hapana ruhusa ya kutoka hemani peke yako; askari huja na kurunzi kukusindikiza hata mahali pa chakula, kwa kuwa kambi haina ukuta, na nyati au simba aweza kupita katikati.

Gharama nyingi za kambi mgeni hazioni. Maji huchimbwa au huletwa kwa gari la tangi. Mboga, nyama, unga na mvinyo hutoka Arusha au Nairobi kwa lori, mwendo wa siku nzima katika barabara mbaya, na vitu vyepesi huja kwa ndege. Taa huwashwa kwa nguvu ya jua. Kuna wapishi, madobi, mafundi wa magari, waongozaji, askari na vibarua, hata mara nyingi watumishi huwapita wageni kwa hesabu. Tena kambi nyingine huhama. Nyumbu zaidi ya milioni 1 huzunguka kila mwaka: miezi ya Januari hata Machi wako kusini kwenye majani mafupi ya Ndutu wakizaa, Mei na Juni huelekea magharibi na kaskazini, na tangu Julai mpaka Oktoba huvuka mto Mara. Mwenye kambi ya kuhama hung'oa mahema na kuwafuata. Mvua za masika zikinyesha, mwezi wa Aprili na Mei, kambi nyingi hufungwa.

Sasa tufikie jambo lenyewe. Mgeni analipa fedha nyingi hivyo, kijiji chapata nini? Jibu lategemea ardhi ni ya nani. Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1959 Wamasai waliokuwa wakikaa ndani yake walihamishwa, upande wa mashariki ukatengwa kuwa Ngorongoro. Tangu hapo kambi iliyo ndani ya hifadhi ya taifa hulipa ada zake kwa shirika la hifadhi, wala kijiji cha jirani hakina mkataba nayo. Kinachofika kijijini ni msaada wa ujirani mwema, kama darasa, zahanati au kisima. Ni kitu chema, lakini si haki ya mkataba. Mtu hawezi kwenda kukidai mahakamani.

Kambi ikiwa katika ardhi ya kijiji, mambo ni mengine kabisa. Katika Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeiweka ardhi hiyo chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote, na mkutano mkuu wa kijiji una neno lake. Tena vijiji vyaweza kuungana kutenga sehemu ya ardhi yao kuwa eneo la jumuiya la wanyamapori, ndipo jumuiya ifanye mapatano na wenye kambi. Ikona, magharibi ya Serengeti, ni mfano mzuri: vijiji vitano, Robanda, Nyichoka, Natta-Mbiso, Makundusi na Park Nyigoti, vimeunganisha ardhi yao. Faida ilionekana, na ugomvi nao ukaonekana. Robanda walikuwa na mapatano yao na wenye kambi kabla ya Ikona, na kambi nyingi zilikuwa kwao. Mapato yalipoingia katika mfuko mmoja na kugawanywa kwa wote, walinung'unika kwamba wanyama wanalala kwao na fedha inalala kwingine. Wenzao wakajibu kwamba wanyama hawana kijiji. Wote wawili wana hoja, na twaona ingalikuwa heri shauri hilo lingalikatwa kabla ya kuungana.

Upande wa Kenya wamefuata njia nyingine. Huko karibu na Mara ardhi za vikundi ziligawanywa, kila mzee akapata hati yake. Mwaka 2006 wenye hati waliunganisha mashamba yao wakaunda hifadhi ya Olare Orok, wakawakodisha wenye kambi. Zikafuata nyingine, kama Naboisho iliyo na wenye ardhi zaidi ya 500. Kila mwenye hati hulipwa kodi kwa kipimo cha ardhi yake, ambayo haipandi wala haishuki kwa hesabu ya wageni. Tena waliweka sharti katika baadhi ya hifadhi hizo kwamba hema moja liwe na ekari 700, na kambi moja isipite mahema 12. Sharti hili ndilo linalouza kimya tulichokitaja. Lakini lina gharama, maana ng'ombe hulishwa kwa zamu na kwa ruhusa, na mwenye mifugo mingi humbidi kutafuta malisho mbali. Na kwa kuwa hati nyingi zimeandikwa kwa majina ya wanaume, mama wa nyumba aliyekuwa akikata kuni na kuchota maji katika ardhi ile aweza kufungiwa njia, na kodi asiione.

Twaomba walimu wawaonyeshe wazee hesabu ifuatayo ubaoni. Tuseme kambi ina mahema 10, kila hema watu wawili, na mkataba wasema kijiji kitapata dola 10 kwa kila mgeni kwa kila usiku. Mtu wa haraka atazidisha 20 kwa 10 kwa siku 365, apate dola 73,000, na kijiji kitaanza kupanga shule ya sekondari. Hesabu hiyo si ya kweli. Kambi imefungwa katika masika, tuseme imebaki siku 300. Na vitanda havijai, tuseme vinajaa nusu. Basi ni wageni 10 kwa siku 300, yaani usiku 3,000, na fedha ni dola 30,000. Zikigawanywa kwa vijiji vitano, kila kimoja chapata 6,000. Si kidogo, ila si sekondari.

Hata hiyo nusu si yakini. Mwaka 2019 Tanzania ilipata wageni 1,527,230. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga safari za dunia, walikuja 620,867 tu. Kijiji kilichokuwa na ada ya kitanda peke yake kiliona mfereji ukikauka, hali mishahara ya walinzi wake wa wanyama ilikuwa ikidaiwa kila mwezi. Waliokuwa na kodi ya ardhi walikuwa na kitu cha kudai, ingawa huko Mara nako wengi walikubali kupunguziwa kwa muda, maana kambi tupu haina cha kutoa. Kwa hiyo mkataba ulio bora, kwa maoni yetu, hushika yote mawili: kodi ya ardhi isiyotegemea wageni, hata ikiwa ndogo, na juu yake ada ya kila usiku.

Wako watu waliokwenda mbele zaidi, wakajenga wenyewe. Wamasai wa Il Ngwesi, Laikipia katika Kenya, walifungua nyumba yao ya wageni mwaka 1996, yenye vibanda sita vya miti na nyasi, na mwenye nyumba ni kikundi chao chote. Mwaka 2002 walipewa tuzo na shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Ni njia ya heshima, lakini mwenye nyumba ndiye pia mwenye hasara, na wao walipata msaada wa majirani na wafadhili katika kujenga na kufundishwa kazi.

Hatufichi ya kuwa watu wengi wanaogopa habari hizi zote. Huko Loliondo, mwaka 2022, kilomita za mraba 1,500 zilizokuwa malisho ya vijiji zilitengwa na Serikali kuwa hifadhi, na wafugaji wakazikosa. Mzee aliyeona hayo akiambiwa ‘tenga kidogo kwa ajili ya wageni’ hutikisa kichwa, naye hana kosa. Ndiyo sababu mipaka ya kambi hupaswa kuandikwa kwa kipimo na kuwekewa alama ardhini, na mkataba uwe na mwaka wa kwisha, na maneno ya Kiswahili yasomwe mbele ya mkutano wote kabla ya sahihi.

Zaidi ya fedha, yaandikwe haya: ni kazi ngapi zitakuwa za vijana wa pale, si za ufagio tu bali na za uongozaji na upishi, maji ya kisima cha kambi yatumiweje wakati wa ukame, ng'ombe wapite wapi. Tembo akila shamba, fedha ya kifuta jasho hutoka Serikalini, nayo ni ndogo na huchelewa. Hapana sheria inayokataza kijiji kumwomba mwenye kambi aongeze. Na kila kambi ina daftari la wageni, limeandikwa jina, hema na siku. Mkataba wa ada ya kitanda usiompa katibu wa kijiji ruhusa ya kulisoma daftari hilo kila mwezi ni mkataba wa kuamini maneno ya upande mmoja. Katika kambi nyingi siku hizi daftari limo ndani ya kompyuta. Basi na iandikwe kwamba nakala yake itatolewa, kwa karatasi, siku ile ile ya malipo.