Sabufa Isiyo na Kasha: Besi ya Ubao Wazi Inayojengwa Nyumbani

Sabufa ni spika iliyotengewa kazi moja tu, nayo ni kutoa sauti nzito za chini, zile ambazo masafa yake, yaani idadi ya mitetemo ya hewa katika sekunde moja, huanzia hezi 20 na kuishia karibu na hezi 100. Zinazouzwa madukani, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, karibu zote ni kasha la mbao lililofungwa pande zote, au lililoachiwa tundu moja la kupumulia, na ndani ya kasha hilo spika na amplifaya hukaa pamoja. Ipo hata hivyo aina nyingine isiyo na kasha kabisa, ambayo spika yake hufungwa kwenye ubao ulio wazi mbele na nyuma, sumaku na fremu yake ya chuma zikionekana, huku amplifaya yake ikishikizwa kwenye kitako cha ubao huohuo. Sabufa hii ya ubao wazi haishindani na kasha kwa kishindo. Sifa yake ni besi ambayo sikio huweza kuifuata noti kwa noti, na kwa mpenzi wa dansi au taarabu sifa hiyo ina thamani kuliko wati zote zinazoandikwa kwenye katoni.

Ili kuelewa kwa nini mafundi wengi hulikimbilia kasha, ni lazima kuangalia kinachotokea koni ya spika inapotikisika. Koni inaposogea mbele huikandamiza hewa iliyo mbele yake, na papo hapo huiacha hewa ya nyuma ikiwa imepungua mgandamizo, kwa hiyo kila spika huzaa mawimbi mawili yanayopingana. Kwa sauti nyembamba hali hiyo haileti hasara kubwa, kwa sababu mawimbi yake ni mafupi na ubao wa kawaida unatosha kuyatenganisha. Besi ni habari nyingine: kwa kuwa sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, wimbi la hezi 40 lina urefu wa zaidi ya mita nane na nusu, na wimbi refu hivyo huzunguka ukingo wa ubao bila taabu, likakutana na pacha wake wa nyuma, na yote mawili yakafutana. Ndiyo maana spika tupu inayojaribiwa juu ya meza husikika kavu kabisa, hata kama ni kubwa. Kasha hulitatua tatizo hilo kwa kulifungia wimbi la nyuma, ilhali ubao wazi huliacha huru, ukakubali hasara hiyo na kuilipia kwa njia nyingine.

Wazo lenyewe si geni. Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric nchini Marekani, ambao mwaka 1925 walieleza muundo wa spika ya koili inayocheza ndani ya sumaku, muundo ambao ndio unaotumika katika spika nyingi hadi leo, walifuatiwa mara moja na spika ya kuuzwa, Radiola 104 ya mwaka 1926, iliyokuwa na amplifaya yake humohumo ndani, ya wati moja tu. Redio za valvu za miaka iliyofuata, zile za kabati la mbao zilizokuwa zikiwekwa sebuleni, mgongo wake uliozibwa kwa kadibodi yenye matundu, nazo zilikuwa ubao wazi wenye amplifaya, ingawa hakuna aliyeziita hivyo. Kasha lililozibwa lilipata nguvu baada ya mwaka 1954, Edgar Villchur alipotoa spika ndogo ya AR-1 iliyoitumia hewa iliyofungiwa kama springi ya koni, na tangu hapo soko likajaa makasha. Aliyeurudishia ubao wazi heshima yake ni Siegfried Linkwitz, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi Hewlett-Packard huko California na kufariki mwaka 2018; pamoja na kuwa mmoja wa waasisi wa vichujio vya sauti vinavyobeba jina la Linkwitz-Riley, alieleza hadharani, kwa hesabu na michoro, jinsi mtu anavyoweza kujijengea nyumbani spika za namna hiyo.

Faida ya ubao wazi haieleweki bila kukitazama chumba chenyewe. Kila chumba kina masafa yake kinayoyapenda, ambayo wimbi lake hutoshea barabara kati ya kuta mbili zinazotazamana, likawa linakwenda na kurudi na kujiongezea nguvu. Sebule yenye urefu wa mita 5, upana wa mita 4 na kimo cha mita 3 huitika kwa urefu wake kwenye hezi 34, kwa upana wake kwenye hezi 43 na kwa kimo chake kwenye hezi 57, na ikiwa kuta zake ni za matofali ya saruji, kama zilivyo nyumba nyingi za mijini Afrika Mashariki, mwitiko huo huwa mkali, kwa kuwa ukuta mgumu huirudisha besi karibu yote badala ya kuinyonya. Matokeo yake husikika wazi kwenye gitaa la besi. Waya wake mnene kuliko zote, ukipigwa bila kubanwa, hutoa hezi 41, na noti inayofuata hutoa karibu hezi 44; zote mbili zinaangukia pale upana wa sebule hiyo unapoitika, kwa hiyo sabufa ya kasha iliyosukumwa pembeni mwa chumba itazivimbisha hadi zingurume na kuchelewa kukatika, na mpigaji anapohamia waya wa pili, wenye hezi 55, mngurumo wa noti iliyopita bado unaning'inia juu ya noti mpya. Hapo ndipo besi ya rumba, ambayo uzuri wake wote uko katika kutembea, hugeuka kuwa kishindo kimoja kinachojirudia.

Kasha husukuma hewa pande zote kwa usawa, hivyo huamsha mwitiko wa urefu, wa upana na wa kimo kwa pamoja. Sabufa ya ubao wazi husukuma mbele na nyuma tu, na sauti yake ikichorwa kwenye karatasi hutoa umbo la tarakimu 8, kwa sababu ubavuni mwa ubao mawimbi mawili hukutana yakiwa na nguvu sawa na kufutana. Ikielekezwa kwa urefu wa sebule iliyotajwa, haiamshi kwa kiasi kikubwa mwitiko wa hezi 43 wala wa hezi 57, na huo mmoja unaobaki unaweza kupunguzwa kwa kuisogeza sabufa au kuigeuza kidogo. Zaidi ya hayo, kwa ukubwa uleule wa sauti unaomfikia msikilizaji aliyekaa mbele yake, ubao wazi humwaga chumbani theluthi moja tu ya nishati ambayo kasha lingeimwaga, jambo ambalo mpangaji anayetenganishwa na jirani kwa ukuta mmoja wa ubavuni hatalidharau.

Gharama yake, hata hivyo, ni kubwa, na mjenzi anapaswa kuijua kabla ya kununua hata skrubu moja. Ikiwa wimbi la nyuma hulazimika kusafiri sentimita 40 zaidi ili likutane na la mbele, basi kwenye hezi 143 hasara ni sifuri, kwenye hezi 71 sauti imepungua desibeli 6, na kwenye hezi 36 imepungua takriban desibeli 12. Desibeli, yaani kizio cha kupimia ukubwa wa sauti, zikiwa 12, kuzifidia kwahitaji nguvu ya umeme mara 16. Koni nayo hubeba mzigo wake, kwa sababu kila masafa yanaposhuka kwa nusu, koni ya ubao wazi hulazimika kucheza mara nane zaidi ili sauti ibaki palepale, wakati koni ya kasha lililozibwa hucheza mara nne tu. Kwa hiyo spika moja ya inchi 8 haifai hata kidogo; mjenzi makini huanza na spika mbili za inchi 12 kwa kila sabufa, zenye koni inayoweza kusafiri milimita 8 au zaidi kila upande.

Katika kuchagua spika, kipimo cha kuangaliwa kwanza ni kile kinachoandikwa Qts kwenye karatasi ya kiwanda, kimojawapo cha vipimo vilivyotokana na kazi ya Neville Thiele wa Australia na Richard Small, ambacho huonesha jinsi koni inavyozuiwa isiendelee kutikisika baada ya umeme kukoma. Spika yenye sumaku kali na kipimo cha 0.3 au 0.4 imekusudiwa kasha lenye tundu, na ikiwekwa kwenye ubao wazi besi yake hupotea mapema, ilhali yenye 0.6 hadi 0.9 hushuka vizuri zaidi bila kusaidiwa sana. Sabufa za gari ndizo zinazopatikana kwa urahisi sokoni, na baadhi yake hufaa, lakini kuinunua kwa kuangalia ukubwa wa sumaku na maandishi ya wati, kama ilivyo desturi, ni kubahatisha.

Umbo linalomfaa mjenzi wa nyumbani ni fremu ya herufi H, ambayo ni boksi lisilo na uso wala mgongo, lenye ubao mmoja uliosimama katikati ya kina chake na kuzishika spika zote mbili, moja juu ya nyingine, hivi kwamba likitazamwa kutoka juu bila kifuniko linafanana na herufi hiyo. Kwa spika za inchi 12, upana wa ndani wa sentimita 34, kimo cha sentimita 70 na kina cha sentimita 40 vinatosha. Mbao nyembamba hazifai. Plaiwudi ya milimita 18, ubao wa katikati ukiwa wa tabaka mbili zilizogandishwa kwa gundi, ndiyo ya kuanzia, na mwenye uwezo anaweza kuvisha ubavu kwa mninga, kwa kuwa kifaa hiki hakijifichi na kinastahili kupendeza. Uzito hapa si pambo, maana koni mbili zinazokwenda mbele kwa pamoja huisukuma fremu nyuma, na fremu nyepesi hutembea sakafuni au kugonga kama mlango uliolegea.

Mafundi wengi huifunga spika moja ikitazama mbele na nyingine ikitazama nyuma, ili kasoro za moja katika kwenda na kurudi zifidiwe na za mwenzake, na katika mpangilio huo ni lazima nyaya za mojawapo zigeuzwe, chanya ikae mahali pa hasi. Kosa la hapa ndilo linalowakatisha tamaa wanaoanza, kwani nyaya zisipogeuzwa koni moja huvuta wakati nyingine inasukuma, na besi hutoweka kana kwamba amplifaya imeungua. Njia ya kuhakikisha ni rahisi: kabla ya kuunganisha amplifaya, betri ya tochi ya volti 1.5 huguswa kwa muda mfupi kwenye ncha za nyaya, na anayetazama kutoka ubavuni ataona koni zote mbili zikiruka kuelekea upande mmoja. Spika mbili za omu 8, omu zikiwa kizio cha ukinzani wa umeme, huunganishwa sambamba na kutoa omu 4 ambazo amplifaya nyingi huzimudu. Zile za omu 4 huunganishwa kwa mfululizo, kwani zikiwekwa sambamba hushuka hadi omu 2 na amplifaya isiyo na kinga huharibika.

Amplifaya inayofaa ni ile ya bamba, iliyojengwa juu ya kipande cha bati nene chenye swichi na vifundo vyote, na ya wati 300 hadi 500 inatosha. Si ya kuongeza sauti tu. Ndiyo inayofidia hasara iliyokwisha kuelezwa, kwa kuinua sauti desibeli 6 kila masafa yanaposhuka kwa nusu, kuanzia hezi 80 hadi karibu hezi 30, na chini ya hapo kuikata ghafla ili koni isiruke bure na kujigonga. Amplifaya iliyotengenezwa kwa ajili ya kasha haifanyi hivyo, kwa hiyo inafaa itafutwe yenye kichakataji cha kidijitali kinachoweza kupangwa. Kwa kuwa fremu hutikisika na haina chumba cha kuihifadhi, bamba hufungwa kwenye kijisanduku chake kilichozibwa, uso wake wa bati ukibaki nje, chenye mpira chini yake, ili joto litoke, mitetemo isifike, na kidole cha mtoto kisifikie waya wa umeme. Nyingi zina swichi ndogo ya kuchagua volti 115 au 230, na ikiachwa kwenye 115 kisha ikachomekwa kwenye umeme wa Tanzania au Kenya, hufa siku hiyohiyo. Waya wa ethi nao haukatwi kamwe, hata unapodhaniwa kuwa chanzo cha mngurumo wa hezi 50, ambao dawa yake ni kuunganisha vifaa vyote kwenye soketi moja.

Baada ya ujenzi hufuata kazi ya kutafuta mahali. Fremu huwekwa angalau mita moja kutoka ukuta wa nyuma yake, kwa sababu ikikaribia ukuta hewa haina pa kwenda na besi hudhoofika, kinyume kabisa na kasha, ambalo hupata nguvu pembeni. Kichujio huwekwa kwenye hezi 80 hadi 100, ili sauti za juu zibaki kwa spika nyingine na fremu isilie kwa mlio wake yenyewe. Kisha hupigwa wimbo ambao besi yake inajulikana kwa moyo, msikilizaji akiwa ameketi mahali pake pa kila siku, na mtu wa pili huisogeza fremu nusu mita kwa nusu mita, akiigeuza kidogo kila mara, mpaka waya wa kwanza na waya wa pili wa gitaa zisikike kwa ukubwa mmoja. Hapo mahali pa miguu yake hutiwa alama ya chaki sakafuni.