Chombo Chako, Ufunguo wa Mwingine

Asubuhi maji yakiwa yametoka, pwani ya kijiji cha Fumba, Unguja, utamkuta mzee mmoja, jirani yangu, amekaa ubavuni mwa mashua yake anakalafati. Anachukua uzi wa pamba, anausokota kwenye mapaja, anauchomeka katika kiungo cha mbao, kisha anagonga kwa patasi na nyundo, taratibu, mpaka mlio ubadilike. Mlio ukishabadilika anajua maji hayapiti tena. Siku moja nilimwuliza mashua ina umri gani. "Mwanangu," akanambia, "mbao za mwanzo zilobaki hazifiki nusu. Lakini chombo ni kile kile."

Mimi ni mtengenezaji wa programu za kompyuta, na jibu lile nililibeba hadi kwenye meza yangu ya kazi. Mwaka jana, programu ya usanifu ninayoitegemea ilikataa kufunguka. Iliandika kwamba leseni yangu haikuweza kuthibitishwa. Fedha ilikuwa imeshakatwa kwenye kadi siku nne kabla, na risiti ninayo. Niliiandikia kampuni, nikajibiwa na mashine. Nikaandika tena, ikanijibu yaleyale. Ndani ya programu ile mlikuwa na vibandiko vya bidhaa za kikundi cha akina mama wanaotengeneza sabuni za mwani. Faili lilikuwa kwenye kompyuta yangu, nyumbani kwangu, lakini hakuna programu nyingine iliyoweza kulifungua vizuri. Ilichukua siku tisa mpaka ikafunguka tena. Bi mkubwa wa kikundi alinipigia mara mbili, kwa upole, akiniuliza kama naumwa.

Watu hudhani tunaofanya kazi hii tunachoshwa na ugumu wa kompyuta. Ugumu ndio kazi yenyewe, na wengi wetu tumeifuata kwa ajili hiyo. Kinachotuchosha ni kwamba chombo tunachofanyia kazi kinazidi kututoka mikononi. Tulianza tukiwa wenye vyombo, leo tumekuwa wapangaji, na mwenye nyumba anaishi mbali, hatumjui sura. Uchovu huu una sababu zake, na sababu hizo zinaweza kuelezwa.

Kutoka kununua hadi kupanga

Zamani programu iliuzwa kama bidhaa. Ulinunua diski ndani ya kisanduku, ukaiweka kwenye kompyuta, ikawa yako kwa matumizi. Toleo jipya likitoka uliamua mwenyewe kama unalihitaji. Fundi wa picha mjini aliweza kufanya kazi miaka saba kwa toleo moja, na hakuna aliyemgongea mlango.

Mambo yalianza kubadilika katika miaka ya 2010. Mwaka 2011 Microsoft ilianzisha Office 365, yaani programu zake za ofisi kwa malipo ya kila mwezi au mwaka. Mwaka 2013 Adobe, wenye Photoshop, walitangaza kwamba hawatatoa tena matoleo mapya ya kununua moja kwa moja, na kuanzia hapo ni kulipia na kuendelea kulipia. Disemba 2023, muda mfupi baada ya kununuliwa na Broadcom, kampuni ya VMware iliacha kuuza leseni za kudumu, na ofisi nyingi duniani zikalazimika kupanga upya bajeti zao.

Makampuni yana hoja zao, na si vyema kuzipuuza. Programu haikamiliki siku inapouzwa. Kasoro za usalama hugunduliwa kila wiki, na watu wa kuziba mianya hiyo wanahitaji mshahara kila mwezi. Nakala za wizi zilikuwa nyingi, hata hapa kwetu, na mwanafunzi asiye na dola mia kadhaa kwa mkupuo anaweza kupata dola ishirini za mwezi mmoja. Hayo ni kweli. Lakini kuna jambo lililoingia pamoja na mpango huu ambalo halitajwi kwenye tangazo: ufunguo. Programu ya kupanga huuliza makao yake makuu, kila baada ya muda, kama bado unaruhusiwa kuitumia. Jibu likichelewa, likikosewa, au likiwa hapana, kazi yako inasimama, hata kama deni huna.

Kwa mtu wa Unguja ufunguo huo una uzito wa ziada. Kodi hii ya programu inalipwa kwa dola, na mapato yetu ni shilingi, kwa hiyo bei hupanda bila kampuni kuongeza hata senti. Malipo hupita kwenye kadi ambayo benki ya nje inaweza kuitilia shaka kwa sababu tu imetoka Tanzania. Na ukitaka kuzungumza na binadamu, saa ya dunia inakukataa. Ofisi za California zikifunguliwa saa 3 asubuhi, kwetu ni saa 1 usiku, na katika miezi ya baridi yao ni saa 2, watu wanatoka msikitini kwa sala ya isha. Wakati wa kula na watoto, wewe umejifungia chumbani unasubiri zamu yako ifike. Mwenzangu mmoja mkewe alimwuliza kwa nini wageni wa kazini kwake wanakuja usiku tu na hawaonekani. Wengi hulalamika kwamba maisha ya kisasa hayana mapumziko. Kwetu, sehemu kubwa ya kukosa mapumziko huko inatokana na ufunguo kuwa mikononi mwa mtu wa saa nyingine.

Mashine nzima inayohesabiwa imekufa

Ufunguo haukuishia kwenye programu, umefika hadi kwenye kompyuta yenyewe. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10, iliyotoka mwaka 2015. Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa ambazo kwa sehemu kubwa ni za mwaka 2018 na kuendelea. Sasa fikiria kompyuta za Zanzibar. Nyingi zimefika zikiwa zimeshatumika, kutoka Dubai au Ulaya, zikapita Kariakoo kabla ya kuvuka bahari. Hazijaharibika. Kioo kizima, kibodi nzima, betri bado inashika. Zimehesabiwa zimekufa kwa uamuzi uliofanywa mbali.

Yaliyofuata yana funzo. Jumuiya za watetezi wa watumiaji barani Ulaya zililalamika kwa sauti kubwa, na wakaazi wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya wakapewa mwaka mmoja wa masasisho bila malipo. Kwingineko mtu aliambiwa alipe dola 30, au aunganishe mipangilio ya kompyuta yake na wingu la kampuni, au atumie pointi 1,000 za zawadi zake. Programu ni ileile na kasoro zitakazozibwa ni zilezile. Waliopata nafuu ni wale waliokuwa na jumuiya ya kusema kwa niaba yao.

Jambo kama hilo limeonekana pia jirani yetu. Mwaka 2022 Daniel Motaung, aliyekuwa mchujaji wa maudhui ya Facebook jijini Nairobi kupitia kampuni ya Sama, aliishitaki Meta kwa madhara ya kazi ile ya kutazama maovu siku nzima. Mwaka 2023 wachujaji 184 nao walifungua kesi yao. Meta ilijitetea kwamba haina ofisi Kenya, hivyo mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliikataa hoja hiyo na kuruhusu kesi ziendelee. Kwa miaka mingi umbali ulikuwa ngome ya makampuni haya, na mahakama moja ya Afrika Mashariki ikasema ngome hiyo ina mlango.

Fumba inajua maana ya uzi mmoja

Kuna sababu ya kuyaandika haya nikiwa Fumba. Waya wa umeme unaoiwasha Unguja unatoka Ras Kiromoni, pwani ya bara, unapita chini ya bahari na kuibukia Ras Fumba. Waya wa kwanza ulilazwa mwaka 1980. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima, Mei na Juni. Kisha Disemba 2009 umeme ukakatika tena, na haukurudi hadi Machi 2010. Ilikuwa miezi mitatu. Pampu za maji zilisimama, akina mama na watoto wakarudi visimani na ndoo. Samaki walioza kwenye mafriji. Mjini majenereta yaliunguruma mbele ya maduka, na asiye na jenereta aliwasha kibatari.

Aliyekuwa mtu mzima wakati ule hahitaji mhadhara juu ya hatari ya kuning'inia kwenye uzi mmoja. Linalofaa kukumbukwa ni kilichofanyika baadaye. Hakuna aliyesema tuachane na umeme. Majenereta ya akiba yalifungwa Mtoni, na mwaka 2013 waya mpya wa megawati 100 ukawashwa, uliogharimiwa na Marekani kupitia shirika lake la Millennium Challenge Corporation. Utegemezi haukuisha, kwani umeme bado unatoka bara kupitia bahari hiyohiyo. Kilichopatikana ni njia ya pili na akiba.

Upande wa intaneti funzo lilijirudia Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya chini ya bahari ya EASSy na Seacom ilipokatika kusini mwa bahari yetu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Siku zile nilijifunza tofauti ya programu mbili zinazofanana kwa sura. Moja iliendelea kuandika barua na hesabu kama kawaida, kwa sababu kila kitu chake kilikuwa ndani ya kompyuta. Nyingine ilizungusha kiduara katikati ya kioo, ikisubiri ruhusa kutoka ng'ambo.

Miezi miwili baadaye, Julai 19, dunia nzima ilionja. Sasisho moja lenye kosa la kampuni ya CrowdStrike liliangusha kompyuta milioni 8.5 za Windows, zikiwemo za viwanja vya ndege na hospitali. Mafundi walilazimika kuziendea mashine moja baada ya nyingine na kuzirekebisha kwa mkono. Mkono wa fundi ndio uliobaki ulipoanguka ufunguo wa mbali.

Akiba yetu ni ipi

Agosti 2022 Serikali ya Zanzibar ilizindua mpango wa Silicon Zanzibar, kuvutia makampuni ya teknolojia na wataalamu wake, na makao ya mwanzo yakawa Fumba Town, kilomita chache tu kutoka pale mzee anapokalafati. Naunga mkono nia hiyo. Vijana wa Dimani na Bweleo kuona kazi hizi zikifanyika jirani yao ni jambo kubwa. Ila kipimo changu cha mafanikio hakitakuwa idadi ya makampuni yaliyokuja. Nitauliza ni vijana wangapi wanaweza kulifungua bodi la programu wanayoitumia, wakaona kiungo kilichovuja, wakakikalafati wenyewe.

Uwezo huo si ndoto. Mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux kwa kushirikiana na wataalamu wa Sweden ulitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu msimbo wake ulikuwa wazi. Hawakuhitaji kumwomba mtu yeyote awaone Waswahili kuwa ni soko linalotosha. Waliketi, wakatafuta maneno, wakaandika.

Kwa hiyo ushauri wangu ni wa namna tatu. Kwa fundi mwenzangu: kila kazi ya mteja iwe na nakala kwenye diski yako, katika muundo unaofunguka kwa programu zaidi ya moja. Kwa skuli na ofisi zenye kompyuta zilizohesabiwa zimekufa: kabla ya kuzitupa, ziwekewe Linux na LibreOffice, ambazo hazidai kodi wala ruhusa. Hazifanyi kila kitu, lakini kwa barua, hesabu na masomo zinatosha sana. Kwa wanaotia saini mikataba ya umma: kabla ya bei, ulizeni siku tukiacha kulipa tutabaki na nini, na tukikwama tutazungumza na nani. Mbele ya yote hayo, tujiunge. Ulaya walisikilizwa kwa sababu walikuwa na jumuiya, na Nairobi waliingia mahakamani wakiwa 184. Mzanzibari mmoja mmoja anayeandika malalamiko saa 2 usiku ataendelea kujibiwa na mashine.

Vibandiko vya sabuni nimevichora upya kwa programu ya msimbo wazi. Ilinichukua usiku mbili, na rangi ya mwani haikukaa sawa mpaka jaribio la tatu. Nilipompelekea bi mkubwa wa kikundi nilimpa karatasi, na nikampa pia kidude cha kuhifadhia chenye faili zote. Akakigeuza kiganjani, akaniuliza, "Hiki nikimpa fundi mwengine, atafungua?" Nikamwambia atafungua. Akakifunga kwenye pindo la kanga.