Mafuta ya Maganda ya Korosho Hayafai Chini ya Rangi

Swali lililonifikia tena juma hili, safari hii kutoka kwa kijana wa Kitangari, ni lile lile ambalo nimekwisha kuletewa na mafundi wa Masasi, wa Newala mjini na wa vijiji vilivyo chini ya mteremko wa kuelekea Ruvuma: mtu amechonga mfano wa ndege ya vita kwa mti, ameusugua kwa msasa hata umelainika, na sasa ataka kujua aupake mafuta ya maganda ya korosho mara ngapi kabla ya kuutia rangi, ili mti usipasuke wala usiliwe na dumuzi. Jawabu langu ni moja, nami naliandika hapa kwa urefu kwa kuwa nimelitoa kwa mdomo mara nyingi bila ya kusadikiwa: asiupake hata mara moja.

Vijana wa huku hawahitaji kwenda mbali kutafuta ndege za kuiga. Ipo BE2c ya Waingereza, yenye mabawa mawili yaliyopandana, iliyotumiwa na kikosi cha 26, kikosi cha watu wa Afrika Kusini kilichoteremka Mombasa mwanzoni mwa 1916 kuja kuwasaka askari wa Kijerumani katika nchi hii. Ipo Fiat G.91, ndege ya jeti ambayo Wareno waliileta Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1960 kupigana na FRELIMO, katika vita ambavyo mabomu yake hayakuuheshimu mpaka wa Ruvuma. Na kuna watu wazima waliopata kuniuliza, kwa haki kabisa, inakuwaje kijana wa Newala akae miezi miwili akiipamba ndege ya adui. Nami huwajibu kwamba anayeichonga hulazimika kwanza kuuliza ilikuwa ya nani na ilikuja kufanya nini, na kuuliza huko ndiko ninakokutaka.

Tena ipo ile ambayo haikufika, na hiyo ndiyo niipendayo kuliko zote: meli ya angani ya Wajerumani iliyoitwa L59, yenye urefu wa mita 226 na nusu, ambayo tarehe 21 Novemba 1917 iling'oa nanga Yambol, katika nchi ya Bulgaria, ikiwa na shehena ya tani zipatazo 15 za silaha, risasi na dawa za kumwauni Jenerali Lettow-Vorbeck, mkuu wa askari wa Kijerumani katika nchi hii, aliyekuwa siku zile zile akirudi nyuma juu ya uwanda huu huu wa Makonde, akipita Newala kuteremkia mtoni. Chombo chenyewe hakikukusudiwa kurejea kwao, maana nguo yake ilikuwa ikatwe mahema na mavazi ya askari. Lakini kilipokuwa juu ya Sudani, tarehe 23, kiliitwa kwa simu ya upepo kigeuze njia, kikarudi kilikotoka baada ya saa 95 angani na mwendo wa kilomita zaidi ya 6,700, kikatua tarehe 25, siku ile ile ambayo Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma akawashambulia Wareno katika ngome yao ya Ngomano.

Katika hizo tatu, BE2c ndiyo niletewayo zaidi, nayo ndiyo inayodhulumiwa zaidi na mafuta ya korosho, kwa sababu kitani kilichovishwa mabawa yake kilipakwa dawa isiyo na rangi, kikabaki na weupe wa maziwa wenye umanjano kidogo, na hakuna rangi inayofichua upesi kama hiyo uchafu uliofunikwa chini yake.

Siyadharau mafuta haya, wala siibezi korosho, ambayo ndiyo riziki ya nyumba nyingi za huku. Baina ya kuta mbili za ganda lake pana vijishimo vilivyojaa utomvu mzito wa hudhurungi, na sehemu kubwa ya utomvu huo ni asidi ya anakadi, ikifuatwa na kadoli. Ni utomvu mkali kweli kweli: kila aliyepata kubangua korosho kwa mikono mitupu anayajua malengelenge yake, na ndiyo maana wabanguaji hujipaka majivu au mafuta ya nyonyo kabla ya kuanza kazi. Ukiupaka mguu wa nguzo, mchwa huikwepa nguzo ile kwa muda. Hapo ndipo ilipozaliwa itikadi ninayoipinga, kwani mtu ameona nguzo ya baba yake imesalimika, akadhani kwamba kilichofaa nguzo ya nyumba kitafaa bawa lenye unene wa milimita mbili litakalopakwa rangi nyeupe juu yake.

Tuanze na dumuzi. Mdudu huyu hali mti wote kwa usawa. Hutafuta wanga, na wanga umo katika ule weupe wa nje wa mti, si katika moyo wake uliokomaa. Mama yake hutaga mayai ndani ya vinyweleo vya mti, na mtoto huishi humo ndani, pengine kwa miezi mingi, akitafuna bila ya kuonekana, mpaka siku atakapotoboa tundu la kutokea na kumwaga unga. Mafuta mazito uliyoyapaka kwa kitambaa hukaa juu, hayamfikii aliyekwisha kuingia. Kwa hiyo fundi aliyechonga ndege yake kwa weupe wa mwembe, akaipaka mafuta, kisha akaukuta unga mezani baada ya masika, asiseme kwamba mafuta yalikuwa machache. Mti wenyewe ndio uliokuwa mbaya tangu mwanzo, na ulikuwa na wadudu ndani yake kabla ya tezo kuugusa.

Ama kupasuka, huko hakuna uhusiano na mafuta ya namna yoyote. Mti hupasuka kwa sababu nje yake hukauka na kusinyaa ilhali ndani bado ni mbichi, na uzito wa mvutano huo huangukia mahali palipo dhaifu, ambapo aghalabu ni penye kiini cha katikati ya gogo. Upake utakavyo, mti ukiwa mbichi utapasuka, isipokuwa utapasuka ukiwa na rangi ya hudhurungi. Na ukiona mfano uliopakwa mafuta haukupasuka, tazama uliokuwa kando yake, wa mti ule ule, ambao haukupakwa kitu: utaukuta nao mzima, kwa kuwa yote miwili ilichongwa katika mti mkavu.

Sasa nije kwenye rangi, ambako hasara yenyewe iko. Rangi ya mafuta, hii tuinunuayo katika vikopo madukani, haikauki kama nguo inavyokauka kambani. Kwanza tina huruka, kisha mafuta yaliyobaki huvuta oksijeni ya hewani, na kwa kuivuta huungana chembe kwa chembe mpaka yakawa ngozi ngumu. Asidi ya anakadi, kadoli, na kadanoli itokanayo na asidi hiyo, zote ni za ukoo wa fenoli, na moja ya sifa mashuhuri za ukoo huo ni kuzuia muungano huo wa oksijeni usitimie. Ndiyo sababu fenoli za namna nyingine hutiwa kwa makusudi katika vitu ambavyo wenye viwanda hawataki vichache. Basi wewe umechukua kizuizi cha kukauka, ukakiweka chini ya kitu ambacho kazi yake yote ni kukauka, kisha wanijia kulalamika kwamba dukani umeuziwa rangi mbovu.

Nililetewa bawa la juu la BE2c moja, la kipimo cha 1 kwa 72, urefu wake sentimita 15 na milimita 7 kutoka ncha hata ncha, lililochongwa kwa ustadi ambao mimi mwenyewe niliuonea fahari: kila ubavu wa bawa ulionekana chini ya kitani kwa uvimbe mdogo, na ukingo wa nyuma ulikuwa mwembamba hata mwanga wa dirisha ulipita. Rangi ilikuwa na zaidi ya mwezi tangu kupakwa. Nilipolishika, alama ya kidole changu cha gumba ilibaki juu yake, mistari yote ikisomeka. Na kwa kufuata nyuzi za mti, kutoka ubavu hata ubavu, utomvu ulikuwa umepanda juu ukaifanya ile rangi ya maziwa kuwa na michirizi ya chai. Hakuna la kufanya kwa bawa kama hilo. Ukilikwangua, unaukwangua na ule uvimbe wa mbavu uliomgharimu kijana siku nyingi.

Wapo watakaosema: mbona mabaharia wa pwani hupaka majahazi yao sifa, na chini ya maji deheni, na vyombo vikadumu? Ni kweli, na ni maarifa ya kuheshimiwa. Lakini sifa ni mafuta ya papa, si utomvu wa korosho. Jahazi hupakwa upya kila msimu. Na wala hakuna baharia anayetaka kuchora juu ya sifa duara la buluu, nyeupe na nyekundu lenye upana wa kidole.

Na wapo wanaojiona werevu zaidi, wanaoyachemsha mafuta kwanza ili kuyatoa ukali. Moto huibadili asidi ya anakadi ikawa kadanoli, hilo sikatai, lakini kadanoli ni fenoli kama mama yake, na moshi unaotoka huko huchoma macho na koo. Nimemwona mama mmoja ambaye uso wake ulivimba kwa sababu mwanawe alichemsha kikopo jikoni, na hilo ndilo linaloniondolea subira yote katika jambo hili. Viwandani mafuta haya hutengenezewa vanishi na hata pedi za breki za magari, ndiyo. Lakini huko hupikwa pamoja na kemikali nyingine, kwa vipimo na kwa mitambo iliyofungwa, mpaka yakawa kitu kingine kabisa. Kikopo cha jikoni hakifanyi hivyo, hata ukikikoroga mchana kutwa.

Alhasili, fanya hivi. Chagua mninga, ambao husinyaa kidogo kuliko miti mingi, na uondoe weupe wote; mpingo uwaachie wachongaji wa sanamu, maana ni mzito hata huzama majini, na bawa jembamba la mpingo humeguka ukingoni. Pasua gogo, kiini cha katikati kitupe. Paka nta ncha mbili za kipande, kiweke kivulini penye upepo, wala usikianike juani, na kila juma kipime kwa mizani ya dukani: uzito ukiacha kupungua kwa majuma matatu mfululizo, chonga, usipoacha, ngoja.

Kipimo kifae nafasi uliyo nayo. BE2c kwa 1 kwa 48 ina bawa la sentimita 23 na nusu na huonyesha mbavu vizuri, Fiat G.91 kwa 1 kwa 72 ni sentimita 14 tu kwa urefu, nayo yatosha. L59 kwa kipimo hicho hicho itakuwa mita 3 na sentimita 15, kwa hiyo ichonge kwa 1 kwa 700, sentimita 32, ukae nayo nyumbani kwa amani.

Baada ya msasa wa mwisho, futa vumbi kwa kitambaa chenye spiriti, paka sandingisila mara mbili nyembamba, sugua kidogo baina yake, kisha andakoti, kisha rangi. Rangi izimuliwe kwa tina yake, si kwa petroli ya pikipiki. Na ikiwa umebahatika kuletewa na ndugu seti ya plastiki, hapo petroli ni balaa zaidi, kwa kuwa huiyeyusha plastiki hiyo yenyewe. Paka nyembamba mara tatu badala ya nene mara moja. Asubuhi za ukungu wa Newala usipake. Miezi ya kupuliza salfa mikoroshoni paka ndani, madirisha yakiwa yamefungwa upande wa shamba, kisha yafungue ya upande wa pili, maana unga wa salfa ukitua juu ya rangi mbichi hautoki. Alama za utaifa zipake mwisho: kwa BE2c duara lenye nyekundu katikati, nyeupe, na buluu nje, kwa Fiat ya Wareno, msalaba mwekundu wa Kristo juu ya duara jeupe.

Mwenye ndege iliyokwisha kupakwa mafuta asiikwangue mwenyewe na kupuliza vumbi lake usoni. Avae glavu, afunge pua na mdomo, asugue kwa kitambaa chenye spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe, kisha aiache kivulini. Kitambaa kikiendelea kutoka na hudhurungi siku baada ya siku, mti huo umekwisha kunywa zaidi ya unavyoweza kutoa: achonge bawa jingine, na lile la kwanza alitumie kuwa kiolezo cha kupimia.