Huruma peke yake haizuii kidonda

Kila siku mabasi yanapita Ushirombo kuelekea Kahama, Mwanza, hata Dar. Kati ya abiria wamo mabinti wanaokwenda kufanya kazi za ndani, wale tunaowaita dada wa kazi, au beki tatu ukitaka lugha ya mtaani. Aliyemtafutia kazi kamwambia atapika, atafua, ataangalia mtoto. Anafika, anakuta babu amepata kiharusi, upande mmoja hausogei, na kuanzia leo babu ni wa kwake.

Hakuna anayemfundisha. Tunaamini kuuguza hakuna shule, ukiwa na roho nzuri inatosha. Haitoshi, na sababu yake ni fizikia.

Hebu jaribu: lala chali sakafuni, usisogee hata kidogo kwa dakika 20. Mgongo chini kabisa, pale juu ya makalio, utaanza kuuma. Visigino navyo. Ni mwili unakuambia sogea, damu haipiti. Ukiwa usingizini unageuka mara nyingi bila hata kujua. Mtu wa kiharusi huenda hasikii hayo maumivu, na akiyasikia hawezi kugeuka.

Mwaka 1930 mtafiti Eugene Landis alipima shinikizo ndani ya vishipa vidogo kabisa vya damu kwenye kidole. Upande damu inapoingilia alipata wastani wa milimita 32 za zebaki. Linganisha na ile 120 unayosomewa ukipimwa presha hospitali. Si mpaka kamili kwa kila mtu, lakini inakuonyesha jinsi vishipa hivyo vilivyo rahisi kuzibwa. Mfupa unakandamiza nyama kwa ndani, godoro linakandamiza kwa nje, damu inakatika. Nyama karibu na mfupa inaweza kufa kabla ngozi ya juu haijaonyesha kitu. Ndiyo maana kidonda cha mgandamizo kinapotoboka, mara nyingi shimo ni kubwa kuliko ulivyodhani. Kikiingia vijidudu hadi kwenye damu, kinaua.

Hapa ndipo huruma inapoweza kuharibu. Binti anaona sehemu imebadilika rangi, anaichua kwa mafuta au spiriti ili damu irudi. Wauguzi wenyewe walifundishwa hivyo zamani. Siku hizi haishauriwi: unasugua nyama ambayo tayari imeumia. Anamkalisha babu kwenye mto wenye tundu katikati, kumbe ukingo wa tundu unabana damu kuzunguka eneo lilelile. Anamvuta kwa makwapa kumpandisha kitandani; ngozi inang'ang'ania shuka huku mfupa ukiteleza, vishipa vinakatika katikati. Kumbe angeweka kitenge kilichokunjwa chini ya mgonjwa, watu wawili wakashika pande mbili, wakamwinua na kumsogeza bila kumburuta.

Vitabu vingi vinasema tafuta wekundu. Wekundu kwa nani? Viliandikwa na watu waliozoea ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu utaona weusi uliozidi au rangi ya zambarau, na pengine usione chochote. Tumia mkono: weka nyuma ya vidole, linganisha na ngozi ya jirani. Kama pana joto zaidi, pagumu au pamelegea kuliko kawaida, au mgonjwa anashtuka ukigusa, usimlaze tena upande huo mpaka hali hiyo iishe. Visigino viache vielee hewani kwa kuweka mto chini ya ndama za miguu.

Halafu kuna kusema. Kiharusi kinaweza kuondoa maneno na kuacha akili ikiwa nzima. Mzee anakusikia ukimzungumzia kama gunia. "Babu, sasa nakugeuza upande wa dirishani", kisha subiri kidogo. Si adabu tu. Anayeshtukizwa anakaza misuli, na mwili uliokaza ni mgumu kugeuza. Mgongo wa binti ndio unaolipa.

Wanaovuka hadi Oman wanakutana na jambo jingine. Huko wapo wazee waliozaliwa Zanzibar, wakahamia baada ya Mapinduzi ya 1964 au baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970. Ugonjwa wa kusahau ukiingia, hutokea mtu akarudi kwenye lugha ya utotoni. Kwa bibi wa namna hiyo, Kiswahili cha binti wa Bukombe kinaweza kufanya kazi ambayo Kiarabu cha mjukuu kinashindwa.

Sasa piga hesabu. Kanuni ya kawaida ni kumgeuza kila baada ya saa mbili, yaani mara 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi, kwa kawaida, mapumziko ya saa 12 mfululizo kila siku. Basi kama dada yuko peke yake, mojawapo inavunjwa, na kidonda kikitokea atalaumiwa yeye. Unayetaka kuajiri mtu wa kumtunza mzazi wako, panga kwanza ni nani wa nyumbani ataamka saa nane usiku.

Mafunzo yenyewe hayahitaji jengo. Yanahitaji kitanda, mito minne, kitenge, na muuguzi wa zahanati mwenye siku mbili. Zoezi la kwanza liwe la mwanafunzi kulazwa yeye, akatazwe kusogea wala kusema, halafu wenzake wamgeuze.